Mbio za punda Lindi: tuliyokosea mbele ya waandishi wa habari

Mtu wa kwanza kupiga simu studio siku tulipotangaza mbio za punda hakuuliza zawadi ni kiasi gani wala zitaanza saa ngapi. Alisalimia, kisha akauliza: "Hao punda watachapwa?" Mtangazaji akaturushia swali. Mwenzetu aliyekuwa mbele ya kipaza sauti akacheka, akajibu, "Aa, punda bila fimbo utampelekaje?" Kipindi kilikuwa kimebakiza dakika ishirini. Zote ishirini ziliishia kwenye fimbo.

Pale ndipo tulipopaswa kushtuka. Ilituchukua wiki tano zaidi, na punda mmoja kuanguka, ndipo tukaelewa kwamba kwenye mchezo wenye mnyama, mnyama ndiye anayeulizwa habari zake. Mshindi anafuata baadaye sana. Haya yameandikwa kwa yeyote atakayekabidhiwa "kitengo cha habari" cha mashindano ya namna hii. Kazi hiyo hapa kwetu mtu anapewa kwa sababu ana simu yenye kamera nzuri, basi.

Kwanza, kwa nini punda. Farasi huku kusini ni wa kwenye picha. Mbung'o wa mapori yetu na ugonjwa wa nagana wanaoueneza havimpi nafasi. Punda naye kwa vijiji vingi vya Lindi si mwenyeji wa zamani. Wengi walikuja na wafugaji waliohamia mkoani kuanzia 2006 na 2007, baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu, mabonde ya Mbeya. Kwa hiyo ukisema "punda" hapa, watu wengine wanasikia "wafugaji", na nyuma yake wanasikia ugomvi wa mashamba na malisho. Sisi tulitangaza wiki tatu nzima bila mwenye punda hata mmoja kusikika. Walizungumza wajumbe wa kamati tu, watu wa mjini wasiojua hata kumfunga punda kamba. Mitaani ikasemwa kuna watu wameleta mchezo wao ili wapate pesa za wafadhili. Ukitaka kulizuia hilo, sauti ya kwanza redioni iwe ya mwenye mnyama, hata kama anajikwaa kwenye maneno.

Wenzetu wa farasi wamelipia somo hili kwa bei kubwa. Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, mashindano ya wanawake ya pentathloni ya kisasa, mchezo wa mashindano matano, kurusha farasi vikwazo ikiwemo: Mjerumani Annika Schleu alikuwa akiongoza, akapangiwa kwa kura farasi aitwaye Saint Boy, na farasi akagoma kuruka. Dunia ikamwona mpandaji akilia huku akipiga fimbo, na kocha wake, Kim Raisner, akimpiga farasi ngumi. Kocha akatolewa kwenye michezo. Shirikisho la mchezo huo likaamua kuachana na farasi kabisa, na Paris 2024 ikawa Olimpiki ya mwisho kwao kupanda. Medali ya dhahabu siku ile alichukua Kate French wa Uingereza. Nani anamkumbuka?

Miaka mitatu baadaye, Julai 2024, siku chache kabla ya Paris, Charlotte Dujardin, Mwingereza mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, alijiondoa baada ya kutokea video akimchapa farasi miguuni mazoezini. FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, likamsimamisha mara moja, na baadaye likamfungia mwaka mzima. Video haikuwa ya wiki ile, ilikuwa ya miaka ya nyuma. Kwa hiyo kabla hujatangaza chochote, pitia picha na klipu zako za zamani, za wajumbe wako na za wapandaji wako. Aliyeweka kwenye status mwaka juzi akimbana punda na waya mdomoni, ujue klipu hiyo iko kwenye simu ya mtu.

Karibu zaidi na sisi wako Lamu, ambako mbio za punda ni sehemu ya sherehe, Maulidi ikiwemo. Lamu wana kitu ambacho sisi hatukuwa nacho: zahanati ya punda, iliyofunguliwa 1987 na The Donkey Sanctuary ya Uingereza. Mwandishi akiuliza punda wanatunzwaje, anaonyeshwa mlango. Sisi hatukuwa na mlango wa kuonyesha. Tulikuwa na maneno.

Bango

Kosa la pili lilikuwa la picha. Tulichapisha mabango 120 ya A3 yenye rangi, kila moja shilingi 2,000, jumla 240,000. Picha tuliichagua kwa kura kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu "ina msisimko": kijana kainua fimbo juu ya kichwa, punda kalaza masikio nyuma, mdomo wazi, kamba imekaza mpaka ngozi ya pua imekunjamana. Sisi tuliona kasi. Watu waliona mateso. Kufika jioni picha ilikuwa inazunguka ikiwa na maneno yasiyoandikika hapa, na kesho yake tulikuwa tunabandua mabango stendi na sokoni.

Picha ya mnyama isomwe kabla ya kuchapwa, na isomwe kwa mpangilio. Anza na masikio: yakiwa yamelala kabisa nyuma, iache. Jicho likionyesha weupe mwingi, iache. Mdomo ukiwa wazi na lijamu au kamba inavuta, iache. Kisha kuza picha uangalie mgongo na mabega, mahali panapokaa soji au nira ya mkokoteni. Kidonda cha ukubwa wa sarafu ambacho hukukiona kwenye simu kinaonekana vizuri sana kwenye A3. Shuka kwenye kwato: zilizorefuka na kupinda juu zinasema punda hajapunguzwa kwato kwa miezi mingi. Mwisho mtazame mpandaji. Miguu yake ikikaribia kugusa mchanga, hakuna maelezo utakayotoa yakaeleweka.

Baada ya hapo mpe picha mtu asiyezipenda mbio zako. Sisi tulikuwa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe, na kamati siku zote huipenda picha yake.

Bango la pili lilikuwa na bibi mmoja akimpa punda maji kwenye beseni la bluu, asubuhi, punda kasimamisha masikio. Halikuwa na mbio ndani yake hata kidogo. Hakuna aliyelilalamikia, na waliokuja hawakuwa wachache.

Karatasi moja

Taarifa yetu ya kwanza kwa vyombo vya habari ilikuwa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza wote ulishukuru viongozi. Mwandishi mmoja wa Mtwara alitujibu kwa upole, "Kaka, nimeisoma, lakini mbio ni lini?" Tarehe ilikuwa ukurasa wa tatu.

Karatasi inayofanya kazi ni moja, maneno 250 hadi 300. Mstari wa kwanza useme nini, wapi, siku gani na saa ngapi. Aya ya pili iwe ya wanyama: wangapi, wanatoka vijiji gani, nani amewapima na lini. Ya tatu, mwenye punda mmoja anayezungumza kwa maneno yake. Mwisho majina mawili na namba mbili za simu zinazopokelewa, moja ikiwa ya mtandao mwingine, maana mtandao mmoja ukilala Lindi unalala nusu siku. Itume kama maandishi ndani ya ujumbe wenyewe. Faili zito halifunguki kwenye bando la mwandishi wa mkoani. Picha zitume kwa njia ya dokumenti ili WhatsApp isizipunguze ubora, na kila picha iwe na maelezo ya mstari mmoja.

Sehemu ya wanyama ndiyo ya kutolea jasho. Usiandike "punda wetu wanatunzwa vizuri". Andika kitu ambacho mtu anaweza kuja kukithibitisha kwa macho. Baada ya fedheha ya redioni tulikaa na daktari wa mifugo tukaandika masharti, tukayatoa hadharani: punda awe na miaka minne au zaidi, asiwe na mimba wala mtoto anayenyonya, mpandaji asizidi kilo 50, apimwe kwa mizani mbele ya watu, mita 800 na si zaidi, hakuna fimbo, waya wala kitu cha ncha, hakuna punda anayekimbia mara mbili siku moja. Punda akiwa ametulia, mapigo ya moyo ni kati ya 36 na 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28, joto la mwili karibu nyuzi 37. Anayekuja mstarini akiwa nje ya hapo hali hajakimbia bado, anarudi kivulini. Tulitaja pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kwa sababu mwandishi makini ataiulizia, na ni vizuri aikute kwako kabla hajaipata kwa anayekushitaki.

Swali ambalo hatukulitarajia ni la ngozi. Walikuwapo walioamini mbio ni kisingizio cha kukusanya punda wauzwe wakachinjwe. Hofu hiyo ina chanzo: biashara ya ngozi za punda kwenda China imewamaliza wengi Afrika, hadi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakapitisha zuio la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Jibu letu likawa daftari. Kila punda aliyeingia aliandikwa jina, rangi, alama na mwenyewe. Wakati wa kutoka mwenyewe anatia dole gumba. Waandishi walilipiga picha daftari lile kuliko kikombe cha mshindi.

Saa ya bahari

Kwa wanaopanga mbio ufukweni, bahari ndiyo mwenye ratiba. Mchanga mgumu unapatikana maji yakipwa sana, siku za bamvua, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Pwani yetu siku hizo maji huwa chini kabisa karibu saa nne asubuhi. Una nafasi kuanzia saa tatu hadi saa tano na ushee, kisha maji yanarudi. Ukiahirisha siku moja, saa nazo zinasogea mbele kwa dakika kama hamsini. Siku tatu mbele, ratiba yako ya redioni ni uongo.

Tuliandika "kuanzia asubuhi". Waandishi wa Mtwara, kilomita zaidi ya mia moja, walisoma "saa tano", kwa uzoefu wao wa shughuli zinazomsubiri mgeni rasmi. Mgeni rasmi naye alisoma hivyohivyo. Andika saa kamili, na andika na sababu: "Mbio ya kwanza saa 3:30 asubuhi. Saa 5:30 mahali hapa pana maji." Sababu ndiyo inayomtoa mtu kitandani. Hotuba ziwekwe baada ya mbio, na mgeni aambiwe mapema kwa adabu kwamba maji hayana itifaki.

Tarehe pia ina adui. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa, waandishi wote wa Lindi na Mtwara wana kazi moja, bei ya kilo. Siku ya mnada usiite mkutano na waandishi. Utaongea na viti. Sisi tuliweka mwisho wa Septemba, na hilo walau tulilipata.

Redio, na bahasha

Huku redio ndiyo inayosikilizwa. Mashujaa FM hapa Lindi, Safari, Pride na Jamii FM upande wa Mtwara, kila moja ina watu wake. Runinga ya Dar es Salaam ikija ni heri, lakini ni kilomita kama 450, na yeyote anayekumbuka kimbunga Hidaya kilivyoikata ile barabara Mei 2024 hawezi kuwategemea wa mbali peke yao. Redio inataka sauti. Warekodie sekunde 30 hadi 40 za mwenye punda, mtu mmoja, wazo moja. Rekodi ndani ya nyumba au nyuma ya ukuta. Upepo wa baharini ukiingia kwenye simu unasikika kama bati linaburutwa. Ukikosa pa kujificha, funika tundu la sauti kwa kipande cha sponji.

Sasa bahasha. Wengi hulizunguka, ila ni bora kulisema. Mwandishi wa mkoani mara nyingi analipwa kwa habari iliyotoka, na nauli ni yake. Anayemwita akimwacha bila nauli anajua anachofanya. Lakini bahasha inayotolewa kwa kificho, huyu nyingi, yule kidogo, hununua chuki na habari laini, na siku ya balaa wale waliopewa kidogo ndio wa kwanza kuandika. Tulianza vibaya: mjumbe mmoja aliwapa "marafiki zake" elfu hamsini hamsini. Tulipogundua tukaweka utaratibu wa wazi: nauli halisi ya basi kwenda na kurudi pamoja na chakula, kiwango kimoja kwa wote, wanasaini, wanalipwa asubuhi kabla ya mbio ili isionekane ni malipo ya kilichoandikwa. Waandishi kumi na mmoja walitugharimu 385,000. Wawili walikataa, wakasema ofisi zao haziruhusu. Waheshimiwe hao, na wasiulizwe mara ya pili.

Uwanjani

Lindi mjini jua linachomoza upande wa bahari, juu ya Kitunda ng'ambo ya ghuba. Asubuhi mpiga picha akisimama upande wa mji anapata kivuli cha punda na bahari inayometameta. Mweke upande wa maji, mgongo kwenye jua, kamba ikiwa mita tano kutoka njia ya mbio. Punda anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake moja kwa moja, kwa hiyo hakuna mtu wa kamera nyuma ya mstari wa kuanzia. Mbele ya mstari wa kumalizia acha mita 30 hadi 40 tupu, kwa sababu punda hasimami kwenye chokaa kama mwanariadha. Flashi hapana. Droni hapana: mbali na kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mlio wake uliwatawanya punda sita wakati wa mazoezi, mmoja akaenda kupatikana jioni.

Wapandaji walio chini ya miaka 18, kabla ya kuhojiwa mzazi awepo. Hili halina mjadala.

Mtu aliyesahaulika kabisa kwenye mpango wetu ni mshereheshaji. Tulimpa orodha ya wadhamini, tukamwacha na kipaza sauti.

Mbio ya pili, saa nne na dakika kumi. Mita kama 300 kutoka mwisho palikuwa na utando wa mwani uliofunikwa na mchanga mwembamba. Punda wa kijivu aliyekuwa wa tatu alikanyaga pale, miguu ya mbele ikateleza, akaenda chini kwa bega. Kijana akabingirika pembeni, akainuka mzima. Punda alibaki chini kama sekunde arobaini, akanyanyuka mwenyewe, akasimama mguu wa mbele wa kushoto ukigusa mchanga kwa ncha tu. Na kwenye spika, sauti ya mshereheshaji: "Huyo kachoka, mpeni supu ya pweza!"

Uwanja mzima ulicheka. Klipu iliyosambaa ilikuwa na sekunde kumi na moja: kuanguka, utani, kicheko. Iliishia kabla punda hajainuka. Juu yake mtu aliandika: "Punda kafa Lindi, watu wanacheka."

Sisi tukafanya yafuatayo. Mjumbe mmoja alimwambia mwandishi, "Hakuna kilichotokea." Mwingine, "Ni mshtuko tu." Wa tatu alimwomba mwandishi afute picha. Taarifa ya maandishi ilitoka saa kumi na nusu jioni, saa sita na zaidi baadaye, na neno la pole lilikuwa aya ya tano. Kufikia hapo punda alikuwa ameshakufa mara nyingi kwenye simu za watu, hali yuko chini ya mwembe anakula pumba.

Ukweli ulitoka kwa mwenye punda. Mwandishi alimfuata akamuuliza anajisikiaje. Yule mzee hakupaza sauti. "Mwanangu, punda huyu ndiye anayenibebea maji. Asipopona, maji nitabebewa na nani?" Redio zote zilirusha maneno hayo, na kwa haki.

Tuliloliandaa baada ya hapo, na ambalo lingekuwepo tangu mwanzo, ni ujumbe wa dharura wenye nafasi za kujaza, ukiwa kwenye simu za watu wawili na kwa mshereheshaji:

"Saa ___ kwenye mbio ya ___ punda aitwaye ___ ameanguka. Amesimama / bado yuko chini. Daktari wa mifugo yuko naye sasa. Mpandaji ___. Mbio zimesimamishwa kwa muda. Tutatoa taarifa nyingine saa ___, hata kama hakuna jipya."

Utoke ndani ya dakika ishirini. Usiseme "yuko salama" mpaka daktari aseme. Usiseme "ni ajali ya kawaida" kabisa. Ile saa uliyoahidi uitunze kuliko kitu kingine, maana ukiahidi saa sita ukaonekana saa nane, watu wanajaza wenyewe yale masaa mawili. Msemaji mmoja tu. Wengine wote jibu lao ni moja: "Ongea na fulani, yule pale." Mshereheshaji ananyamazisha muziki, anaeleza kinachofanyika kwa sauti ya chini, na utani wote unakufa hapo hapo. Kuhusu turubai la kumzingira mnyama, tulibishana sana. Uamuzi wetu: liwekwe, kwa sababu punda mwenye maumivu akizungukwa na simu hamsini hatulii, lakini spika iseme ndiyo sababu, na mwandishi mmoja akae ndani na daktari kwa niaba ya wenzake. Turubai bila maelezo linasomeka kama mnaficha maiti.

Tokyo ileile ya 2021 kuna mfano mwingine, usiosimuliwa sana. Farasi Jet Set wa Mswisi Robin Godel aliumia mguu kwenye mbio za nyika, akalazimika kulazwa usingizi wa moja kwa moja. FEI ilitoa taarifa siku hiyohiyo: ni mguu gani, kano ilikatika, kwa nini hakuweza kupona. Taarifa ilikuwa ya huzuni na ilikuwa kamili. Haikuacha nafasi ya uvumi.

Wiki zilizofuata

Siku ya nne mtangazaji alipiga simu akauliza maswali mawili. Daktari kasemaje? Hilo tulikuwa nalo: mguu umeteguka, haukuvunjika, apumzike wiki tatu. La pili: mzee anapata wapi maji? Hatukuwa na jibu. Punda yule alikuwa akibeba madumu sita kwa siku, ya shilingi 500 kila moja akinunua kwa mwenye toroli. Elfu tatu kwa siku, siku ishirini na moja, 63,000. Bajeti yetu ilikuwa na fulana za kamati, haikuwa na hilo. Tulimwomba mtangazaji nusu saa, tukachanga, tukapeleka, ndipo tukampigia. Hakuna namna ya kuandika taarifa nzuri kuhusu kitu ambacho hujafanya.

Wakubwa nao hawakukwepa njia hiyo. Grand National ya Aintree, Uingereza, mbio za farasi za kuruka vikwazo, mwaka 2023 ilicheleweshwa na waandamanaji wa haki za wanyama, na farasi Hill Sixteen akafa kwenye kikwazo cha kwanza. Mwaka uliofuata walipunguza farasi kutoka 40 hadi 34 na kusogeza kile kikwazo karibu na mstari wa kuanzia ili wasikifikie kwa kasi kubwa. Ubishi haukwisha, lakini walau walikuwa na cha kuonyesha. Chetu ni kidogo: njia itakaguliwa kwa miguu na watu watatu pamoja na mwenye punda mmoja, nusu saa kabla, kwa reki, na waandishi wanakaribishwa kutembea nao.

Siku ya ishirini na mbili mtangazaji yuleyule akapiga tena. Tukamwambia punda ameanza kazi, madumu mawili kwa safari badala ya manne, ndivyo daktari alivyoruhusu. Akatangaza kwa sentensi mbili, kisha akaweka wimbo. Wiki hiyo tulipeleka kwa mzee picha ya punda wake iliyopigwa asubuhi kabla ya mbio, tumeisafisha studio kwa elfu tatu. Aliishika kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda, akauliza kama tunaweza kumletea nyingine ya mwanawe yule wa Nachingwea.